Asilimia 98.6

Saa nane na robo usiku nilikuwa bado mezani, feni inazunguka, simu imelala pembeni ikiigawia kompyuta intaneti. Kwenye kioo namba ilikuwa ileile niliyoiacha jana, na juzi, na wiki iliyopita.

98.6.

Faili lenyewe lilikuwa la GB 2.8: toleo la zamani la Linux (mfumo endeshi wa kompyuta, kama ilivyo Windows) la mashuleni, mojawapo ya yale ya mwisho yanayokubali kukaa kwenye kompyuta kongwe za biti 32. Mwalimu mmoja wa sekondari huku Muheza alikuwa amepokea kompyuta 20 za msaada, zote za umri huo, RAM ya GB 1 kila moja, akanipigia. "Kaka, hizi mashine ni nzima kabisa. Ila kila ninachojaribu kuziwekea zinakikataa. Tusiziache zigeuke meza za kuwekea vitambaa." Seva ya watu waliolitengeneza toleo lile ilishazimwa miaka mingi. Kilichobaki mtandaoni kilikuwa torenti moja, ile njia ya watu kugawiana faili vipande vipande, kompyuta kwa kompyuta.

Kwenye bumba, yaani kundi la wanaogawiana faili lile, tulikuwa saba. Bendera mbili za Brazili, moja ya Indonesia, moja ya Ukraine, moja ya Moroko, moja ya India, na mimi wa Tanga. Mbele ya kila bendera kuna namba ya mtu alipofika.

Wote saba, 98.6.

Ilikuwa siku ya kumi na moja.

Arubaini zilezile

Wengi mnaosoma hapa mmeshawahi kushusha kitu kwa torenti, kwa hiyo sianzi mwanzo. Ninachotaka mkitazame ni hiki cha watu wote kusimama mahali pamoja, maana siku za kwanza nilidhani ni ugonjwa wa programu yangu. Nikaifuta, nikaiweka upya. Nikajaribu nyingine. Namba haikusogea.

Faili lilikuwa limekatwa vipande 2,868, kila kimoja cha MB 1. Nilikuwa navyo 2,828. Nilipofungua orodha ya wenzangu na kuilinganisha mistari yetu, ile yenye rangi mahali penye kipande na weupe mahali penye pengo, weupe ulikuwa umelala palepale kwa kila mtu. Vipande 40. Kwa wote, 40 vilevile.

Chanzo chake ni jambo jema. Programu za BitTorrent hukimbilia kwanza kipande kilicho adimu kuliko vyote ndani ya bumba. Bram Cohen, aliyeutoa mfumo huu mwaka 2001, aliiweka kanuni hiyo kwa makusudi, ili kipande kilichoshikwa na mtu mmoja kiwahiwe kabla mtu huyo hajazima mashine yake. Kwa hiyo chochote kinachoingia ndani ya bumba huenea upesi, na hakuna anayebaki na kipande cha peke yake. Basi mwenye faili kamili alipoondoka akiwa hajatoa vile 40, sisi tulioachwa tuligawiana kila alichotuachia mpaka tukalingana, hata nukta yetu ikawa moja.

Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna hata mmoja aliyekuwa na cha kumpa mwenzake.

Unaweza kusema, MB 40 ni nini katika GB 2.8? Lakini faili la namna hii halifunguki likiwa na matobo. Kila kipande kina alama yake ya uthibitisho, na faili zima halikamiliki mpaka vyote vipite. Nilikuwa na faili karibu lote na sikuwa na faili.

Jambo hili limenikaa rohoni wiki sita sasa, hata baada ya kompyuta zile kuwaka.

Hesabu niliyoipenda

Miaka mingi nimekuwa mhubiri wa torenti. Kijana yeyote aliyejifunza ufundi kwangu amewahi kuchorewa hesabu hii nyuma ya boksi la ruta.

Una seva moja inayoweza kutoa megabiti 100 kwa sekunde. Watu 500 wanalitaka faili la GB 2.8. Seva ikimpa kila mtu nakala yake italazimika kutoa GB 1,400, na hiyo ni kazi ya saa 31. Sasa waache hao 500 wagawiane wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akipandisha, yaani akiwatumia wenzake, megabiti 5 tu kwa sekunde. Ukijumlisha nguvu zao na ya seva unapata megabiti 2,600. Kazi ileile, mambo yakienda vizuri kabisa, inakwisha kwa dakika 72.

Ongeza watu wafike 5,000. Seva peke yake itahitaji siku 13. Wakigawiana, dakika 74.

Watu mara kumi zaidi, dakika mbili na ushei zaidi!

Hapo ndipo nilipokuwa naweka kalamu chini. Kwa seva, kila anayekuja ni mzigo. Katika bumba, anayekuja anakuja na mikono yake. Ni msaragambo: kijiji kikikua, shamba linaongezeka, lakini na majembe nayo yanaongezeka.

Na jambo hili limepimwa kwa umati halisi. Red Hat 9, toleo jingine la Linux, ilipotoka mwaka 2003, watafiti waliifuatilia torenti yake kwa miezi mitano. Faili lilikuwa la GB 1.77. Zilipita mashine zaidi ya 180,000, na zaidi ya 50,000 kati yake zilifika ndani ya siku tano za mwanzo. Umati wa namna hiyo ukiangukia seva moja, seva inalala. Pale umati ndio uliobeba kazi.

Niliiamini hesabu hii kama mtu anavyoiamini jedwali la kuzidisha. Usiku ule, mbele ya 98.6, nikaisoma tena na kuona neno nililokuwa nalipita mbiombio kila siku.

"Kila mmoja akipandisha."

Bando

Nani hapa kwetu anapandisha?

Nauliza kwa dhati. Intaneti ya wengi wetu ni bando la simu, na bando halijali MB inaingia au inatoka, zote zinakatwa. Mtu aliyenunua GB 1 kwa wiki akiiacha torenti iendelee kugawa usiku, asubuhi atakuta ujumbe kwamba bando limekwisha, na mtoto anataka kutuma kazi ya shule. Zile megabiti 5 nilizompa kila mtu kwenye boksi la ruta ni pesa ya mtu, na mimi nilikuwa nazigawa kama zangu.

Na hata mwenye moyo wa kutoa hafikiki. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, mfano wa nyumba ya wapangaji yenye mlango mmoja wa barabarani. Wewe unaweza kutoka ukaenda kumgongea mwenzio. Mwenzio akija kukugongea wewe, mlango haujui anamtaka mpangaji gani, basi unabaki umefungwa. Wawili wakiwa wote wapangaji wa namna hiyo, mara nyingi hawakutani kabisa, hata kama mmoja anacho kile ambacho mwingine amekikesha.

Suala la watu kutotoa ni la zamani kuliko torenti. Mwaka 2000 Eytan Adar na Bernardo Huberman waliuchunguza Gnutella, mtandao wa kugawiana faili, wakakuta karibu asilimia 70 ya watumiaji hawatoi faili hata moja, na karibu nusu ya majibu yote yanatoka kwa asilimia 1 ya mashine. Cohen alijenga mfumo wake akiijua tabia hiyo. Programu yake huwapa wanaoipa. Kila sekunde 10 inaangalia ni nani wanaoipatia zaidi, inawafungulia hao wachache, na wengine inawabana. Halafu kila sekunde 30 inamfungulia mmoja kwa bahati tu, hata kama hajatoa kitu, maana mgeni aliyeingia sasa hivi hana cha kutoa. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimetafuta maelezo bora ya kanuni ile kuliko methali hiyo, sijayapata.

Lakini itazame vizuri. Jembe lile linakushika wakati unashusha tu. Ukishafika 100 huhitaji kitu kwa mtu, na hakuna kanuni yoyote ndani ya mfumo huu inayokufanya ubaki. Kuanzia hapo unabaki kwa hiari yako.

Nikafungua orodha ya torenti zangu mwenyewe, za miaka minne kwenye mashine hii. Zilizokamilika zilikuwa 41. Programu inaonyesha uwiano wa ulichotoa kwa ulichochukua. Wangu ulikuwa 0.2. Katika kila GB 5 nilizopewa na watu nisiowajua, nilirudisha moja. Nyingi nilikuwa nimezifunga dakika ileile zilipokamilika, nikijiambia neno moja: mtandao wangu ni mdogo, hata nikibaki hautamfaa mtu.

Neno hilo nililiamini kabisa. Lilikuwa ni hesabu.

Saa kumi na moja kasoro

Siku ya kumi na tatu niliamshwa na adhana ya alfajiri. Nikaenda kuchomoa chaja ya simu, macho yakapita kwenye kioo.

98.7.

Niliketi na kikoi changu hivyohivyo. Bumba lilikuwa na watu wanane. Wa nane alikuwa na bendera ya Msumbiji, na mbele yake 100.

Alikuwa polepole sana. Kwangu mimi alikuwa anatoa KB 6 kwa sekunde, wakati mwingine 4, wakati mwingine anakata kabisa kisha anarudi. Yeyote aliyewahi kutumia hotspoti ya simu anaujua mwendo huo. Nilijua kabisa, kwa kasi hiyo MB 40 zinataka karibu saa mbili, na mtu wa hivyo hakai saa mbili.

Lakini namba ilikuwa inakwenda haraka kuliko alivyokuwa ananipa.

98.8. 99.0. 99.1.

Nikafungua tena orodha ya wenzangu. Wale sita, waliokaa kimya karibu wiki mbili, walikuwa wameamka wote. Mbrazili ananipa kipande nisicho nacho, nami nampa Mwindonesia kilichoingia kwangu sekunde chache kabla. Yule wa Msumbiji alikuwa anampa kila mmoja wetu kipande tofauti, kwa sababu kila programu ilikuwa inakimbilia kilicho adimu, na sisi tukimaliziana. Alikuwa hana haja ya kunipa mimi vipande 40. Ilitosha kila kipande kitoke kwake mara moja, kimwangukie yeyote.

Dakika ishirini hivi. Kisha akatoweka.

Nilikuwa na 100.

Programu huweka kumbukumbu ya kiasi kilichotoka kwa kila mtu. Katika zile MB 40, MB 7 zilitoka kwa Msumbiji moja kwa moja, na 33 zilitoka kwa wale sita. Kama wenzangu nao walipata kama mimi, basi yule mtu alitoa MB 49 kwa jumla, kwa kasi ya KB 40 kwa sekunde. Hizo ni video tatu nne za harusi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kwa MB 49, watu saba katika nchi sita walipata faili zima la GB 2.8 lililokuwa limekwisha kufa.

Nilibaki nimekaa pale mpaka kukacha. Nilikuwa nimejiambia miaka minne kwamba mtandao mdogo haumfai mtu.

Kompyuta namba 14

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Muheza. Kuziwekea mashine Linux kulichukua asubuhi nzima kwa flashi nne, na hiyo siielezi, ni kazi ya kawaida. Kilichonivutia kilikuja mchana.

Mwalimu alikuwa ameandaa furushi la GB 24 la kukaa ndani ya kila mashine, kwa kuwa shule haina intaneti: Wikipedia ya Kiswahili kwa Kiwix (programu ya kuisoma bila intaneti), kamusi, video za fizikia na kemia, mitihani ya miaka iliyopita. Lilikuwa kwenye laptopu yangu. Kati yangu na zile kompyuta 20 kulikuwa na swichi moja ya zamani ya kuunganishia kompyuta, ya megabiti 100. Ningezipa zote kutoka kwangu, ni GB 480, karibu saa 11. Tungelala pale.

Nikatengeneza torenti ya furushi lile, nikaipeleka kwenye kila mashine, nikawasha ule uwezo wa programu kutafutana ndani ya mtandao wa karibu bila kutegemea chochote cha nje. Kwa hesabu ya karatasi ilitakiwa iishe kwa dakika 32. Ilichukua saa 1 na dakika 50, maana hadidiski za mashine zile ni kongwe na zilikuwa zinaandika huku zinasoma, unazisikia zinakwaruza kama kuku wanaochakura. Hata hivyo, saa 11 na saa 2 si sawa.

Wanafunzi kama kumi walibaki kutazama. Binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa amesimama nyuma ya mashine ya dirishani, anafuata namba kwa kidole. Akageuka.

"Shikamoo, fundi. Hii imefika asilimia 30. Mbona imeandika inatoa? Inatoa nini na yenyewe haijamaliza?"

Nilimwambia inatoa hiyo 30.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo haingoji ijae."

"Haingoji."

Akaenda kumweleza mwenzake, kwa maneno yake, na akaeleza vizuri kuliko mimi na boksi langu la ruta.

Ila namba 14 ilikataa kwenda na wenzake. Zote zilipomaliza, yenyewe ilikuwa asilimia 35. Tukaufuata waya wake mpaka nyuma ya kabati, tukakuta panya ameutafuna. Nyuzi zilizobaki zilikuwa zinapitisha megabiti 10 kwa sekunde. Kwa waya ule furushi lingechukua zaidi ya saa tano, hata kama dunia nzima ingeamua kuipa. Hapo nilimwonyesha Mwalimu jambo ambalo hesabu ya umati haiwezi kulifuta: mlango wa kuingilia wa kila mtu ni wake mwenyewe. Wingi wa watoaji haupanui waya uliotafunwa.

Ila 14 haikumchelewesha mtu. Na ule mtiririko wake mwembamba ulikuwa nao unatoa, muda wote, vipande kwa majirani zake. Tukabadilisha waya, ikamaliza tukiwa tunakunywa chai.

Wakubwa waliondoka

Kuna swali sikuweza kulikwepa nikiwa kwenye daladala narudi Tanga. Kama njia hii ni nzuri hivi, mbona wenye uwezo waliiacha?

Maana waliiacha kweli. BBC ilianza iPlayer mwaka 2007 kwa programu iliyofanya watazamaji wagawiane vipindi, na mwisho wa 2008 ikaachana nayo. Spotify ilikuwa inachukua sehemu ya muziki wake kutoka kwenye kompyuta za wasikilizaji wengine, ikaacha mwaka 2014. Huko Marekani kampuni ya Comcast ilibainika mwaka 2007 ikikatiza miunganisho ya BitTorrent ya wateja wake, na mwaka uliofuata tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ikaamuru iache. Microsoft wao walikwenda kinyume: tangu Windows 10 ya 2015, masasisho yanaweza kupitishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine ya jirani. Ila kwa jumla, mkondo ulirudi kwenye seva.

Nadhani sababu kubwa ni kwamba seva zilikuja karibu na zikawa rahisi, na watu wakahamia kwenye simu, ambako betri na bando havimruhusu mtu kugawa. Leo video inayotazamwa na wengi inahifadhiwa kwenye mashine zilizowekwa ndani ya nchi au jirani, kwenye vituo vya kubadilishana mawasiliano kama vile vya Nairobi na Dar es Salaam, na haina haja ya kuvuka bahari kila mtu anapoibonyeza. Siwezi kubishana na hilo. Inafanya kazi.

Lakini mashine hizo zinahifadhi kile ambacho wengi wanakitaka, na kuna mtu anayezilipia. Hakuna atakayemlipia mtu mashine ya kuhifadhi Linux ya biti 32 kwa ajili ya kompyuta 20 za Muheza.

Hapa ndipo penye fundo lililonikaba wiki zote hizi. Kugawiana kunakwenda kasi kabisa pale penye umati, na penye umati siku hizi kuna seva tayari. Kule kwenye watu saba na saa nane za usiku, ambako hakuna seva na ndiko kunakohitajika kuliko kwingine kokote, ndiko kunakoyumba. Vipimo vyote nilivyovipenda vilikuwa vya umati: dakika ngapi, watu wangapi, megabiti ngapi. Hakuna hata kimoja kilichouliza kama kesho faili litakuwepo.

Sasa nikiangalia torenti naangalia kwanza safu ambayo zamani sikuisoma, ile ya nakala ngapi kamili zinapatikana ndani ya bumba zima. Yetu ilikuwa 0.986. Ikiwa chini ya 1, kasi yoyote ile ni bure.

Mstari wa mbegu

Wiki moja baada ya ile alfajiri, niliiuliza traka, mashine inayowakutanisha watu wa bumba, kuna wangapi wenye faili kamili. Ilisema mbegu 1.

Ilikuwa ni mimi. Wale sita walishaondoka. Siwalaumu, mmoja wao angeweza kuwa mtu anayehesabu MB kama ninavyohesabu mimi, na alishangoja wiki mbili. Hata mimi kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kuondoa. Nyumbani natumia bando, na nyumbani niko nyuma ya ule mlango wa wapangaji.

Barabara ya jirani kuna dada mwenye steshenari. Ana faiba isiyokatwa kwa MB, kwa ajili ya kujazia watu fomu na kuchapa, na mtoa huduma amempa anwani yake mwenyewe, inayogongeka kutoka nje. Nilimpelekea laptopu niliyotoa kwenye marundo yangu, kioo chake kimepasuka lakini moyo mzima, nikamwomba niiweke nyuma ya mashine ya fotokopi.

"Inafanya nini?"

"Inamgojea mtu."

Alinitazama. "Kaka, na LUKU nayo inamgojea mtu?"

Tukakubaliana nimpe elfu tano ya umeme kila mwezi. Nikaiwekea kikomo cha KB 50 kwa sekunde, na nikamweleza kwamba programu yenyewe hupima ucheleweshaji wa njia na kujirudisha nyuma wengine wakihitaji nafasi. Akiona WhatsApp inakwama anizimie bila kuniuliza. Mpaka leo hajanizimia.

Mwezi mzima alikuja mtu mmoja mmoja. Wengine waliingia na 0 wakakaa siku moja wakaenda. KB 50 kwa sekunde ni saa 16 kwa faili zima, najua, nimeshaacha kuionea aibu namba hiyo.

Jumanne ya wiki iliyopita, nikiwa pale kuchapa risiti za wateja, nilichungulia. Alikuwa ameingia mmoja mwenye bendera ya Kolombia.

98.6.

Kumbe kuna wa nane. Mtu aliyekwama na sisi, au kabla yetu, akachoka, akazima, na kwa sababu yoyote ile hakulifuta. Limekaa kwenye mashine yake muda wote huu na matobo yake arubaini.

Nilisimama nyuma ya fotokopi nikitazama. Vipande vilitoka kimoja kimoja, vyote kwangu, maana safari hii hapakuwa na mwingine wa kumpa. Ilichukua dakika 14. Alipofika 100 akatoweka kwenye orodha, kama ilivyo desturi: wawili wenye faili kamili hawana la kupeana, programu hukata muunganisho.

Nikaiuliza traka.

Mbegu 2.

Jumatano nilipita tena, 2. Leo asubuhi kabla sijaketi kuandika haya, 2.